Mkono wa Kushoto wa Petroli

Ukitaka kujua mdogo wangu alikuwa mtu wa namna gani, waangalie meno wanaume wa rika lake hapa mjini. Fundi baiskeli wa kona ya stendi, yule anayecheka huku kaziba mdomo kwa kiganja, ni kazi ya mdogo wangu. Karani wa posta mwenye jino la dhahabu mbele, naye alilipata kwa sababu yake. Kinyozi ana mapengo mawili. Moja alilistahili kabisa. La pili sikumbuki lilitokana na nini, na nikimuuliza, yeye mwenyewe hakumbuki. Walimwita Petroli, na jina alilopewa na mama likabaki kwenye vyeti vya shule na, siku hizi, kwenye jiwe la kaburi.

Nayasema haya mapema kwa sababu tangu afe watu wananijia dukani na sura za huzuni, wananishika mkono, wananiambia marehemu alikuwa mpole. Mpole! Mimi ndiye niliyemlea. Mama alituacha Petroli akiwa bado anatambaa na mimi sijamaliza shule ya msingi, nikambeba mgongoni mpaka mgongo ukazoea. Nimefua damu kwenye mashati yake miaka nenda rudi, nyingi ikiwa ya wenzake. Anayeniambia alikuwa mpole namwongezea mfupa kwenye kilo yake, tena wa kwato.

Sisi ni watu wa nyama. Mbele tuna bucha, chumba kimoja chenye dirisha la wavu, bomba la chuma lililotungikwa kulabu, mizani, na gogo la kukatia ambalo shoka limelila katikati mpaka limekuwa bakuli. Nyuma kuna ua wa saruji wenye mfereji wa kupitisha maji. Mimi nauza. Baba alikuwa anachinja, kule machinjioni ng'ambo ya daraja, na Petroli alianza kwenda naye ndevu zikiwa bado hazijaamua kuota.

Baba alikuwa na namna yake ya kuchinja ambayo hakuna mwingine aliyeifuata. Ng'ombe akishafungwa miguu na kuangushwa, baba anapiga goti kwenye bega lake, anamziba jicho kwa kiganja cha kushoto. Kisu kiko mkono wa kulia, kimefichwa nyuma ya nyonga. Halafu anamwambia taratibu, "Lala. Lala, basi." Anangoja mpaka mnyama apumue vizuri, ndipo kisu kinakuja, mara moja tu. Wachinjaji wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Walisema mzee anaibembeleza nyama, kesho ataiimbia. Baba akawajibu kwamba mnyama aliyekiona kisu nyama yake huwa ngumu, na wateja wake ni watu wazima wenye meno mabovu.

Uongo mtupu. Baba alikuwa hawezi kuvumilia yale macho, basi.

Petroli siku ya kwanza alitapika juu ya viatu vya baba. Siku ya pili alishika kisu. Baada ya muda ukiwatazama kwa mbali huwezi kusema yupi ni yupi: goti, kiganja cha kushoto, kisu nyuma ya nyonga, lala, lala. Kijana aliyekuwa tayari kumvunja mtu pua kwa sababu ya nafasi kwenye foleni alikuwa anamnong'oneza ng'ombe. Sikuwahi kuelewa mambo haya mawili yalikaaje ndani ya kifua kimoja bila kugombana.

Siku moja yaligombana. Mchukuzi mmoja wa machinjioni, mtu mzima mwenye watoto, alikuwa anamchokoa fahali jicho kwa fimbo yenye msumari ili ainuke. Fahali alikuwa amevunjika mguu, angeinukaje? Petroli alimwambia aache. Mchukuzi akacheka, akachokoa tena, na jicho likapasuka. Mdogo wangu alimkamata yule mtu kwa kola, akampigiza uso ukutani, akampigiza tena, na tena, hadi ukuta ukabaki na nywele. Kisha akamtumbukiza kichwa kwenye birika la kunyweshea ng'ombe na kumshikilia humo. Wanaume watatu walimng'oa kwa shida, na mmoja wao ndiye huyo kinyozi wa mapengo mawili, sasa nimekumbuka. Mchukuzi hakufa, lakini taya lake halijarudi mahali pake mpaka leo, akila anatazama kushoto.

Petroli alikuja dukani mbio. Akanawa, akala viazi vya jana akiwa amesimama, akaniambia, "Dada, naenda."

"Unakwenda wapi na damu ya watu kwenye shati?"

"Jeshini. Lori lao liko uwanja wa mpira. Huko angalau ukimpiga mtu hakuna anayekuitia polisi."

Vita vilikuwa vimeshaanza, kule milimani mpakani, na wale wa lori hawakuwa wanauliza maswali mengi. Baba alikuwa uani ananoa visu. Petroli akapita kumuaga. Baba alimwambia kitu kimoja tu, "Shika adabu," akaendelea kunoa. Ndivyo tulivyoagana naye.

Alirudi kwenye sanduku lililopigwa misumari.

Sajini aliyelileta alikuwa na barakoa ya huzuni aliyoivaa kwa kazi, na maneno yake alikuwa ameyakariri. Alisema ni kombora. Alisema kijana wetu hakusikia maumivu, lilimchukua papo hapo, na kwa hali ya mwili sanduku lisifunguliwe. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia dukani, akatoka na shoka. Sajini akaweka mkono juu ya kifuniko. Baba akampa nafasi ya kuuondoa, tena alimpa nafasi ndefu kuliko nilivyotarajia, kisha akashusha. Mbao ziliruka uani. Majirani waliokuja kulia wakakimbilia barabarani.

Ndani alikuwamo mdogo wangu, mzima. Uso hauna hata mkwaruzo, mikono yote miwili, miguu yote miwili. Baba akafungua vifungo vya sare. Chini ya mbavu, upande wa kulia, palikuwa na kidonda kimoja kilichoshonwa kwa uzi mweusi, si kirefu kuzidi kidole changu. Hata kipofu angejua lile si kombora.

"Huyu kachomwa kisu," baba alisema. "Na aliyemchoma alikuwa karibu yake kama mimi na wewe."

Sajini alishatoka. Aliacha kofia yake.

Hapo ndipo shida yetu ilipoanzia, kwa sababu mji wetu ni mdogo na una midomo mikubwa. Petroli kachomwa kisu? Petroli, ambaye tangu stendi mpaka mtoni hakuna aliyewahi kumwangusha kwa mikono? Basi hakuuawa na adui. Kauawa na wenzake. Watu walisema kambini aligombana juu ya karata, au juu ya mwanamke, au juu ya sahani ya chakula, kila duka lilikuwa na toleo lake. Walisema jeshi limeona aibu, ndiyo maana likatunga kombora. Nilichukia zaidi kwa sababu niliweza kuamini. Nilimjua mdogo wangu. Usiku nilikuwa namwona akimrukia mtu mezani na mwenzake akichomoa kisu.

Baba hakuweza kuamini. Mtu mmoja alipolisema hilo mbele yake machinjioni, baba alimpiga kwa kulabu begani, ikaingia. Umri wa mambo hayo ulishampita, na kazi ikaishia hapo. Hakurudi tena ng'ambo ya daraja. Akawa anakaa uani kwangu kutwa nzima ananoa visu ambavyo havikuwa na kazi, vikawa vinaweza kumnyoa kinyozi mwenyewe.

Baadaye akaja kijana mwingine aliyejitambulisha kama rafiki wa Petroli vitani. Tukampikia, akala vizuri, akasema lilikuwa bomu la kutegwa, miguu yote ikaenda. Baba alimuuliza, "Miguu yote?" Kijana akasema yote, mzee, mpaka kiunoni. Baba alimvunja mfupa wa bega kwa mchi. Kisha akasema mbele yangu, bila kupandisha sauti, "Wa tatu akinidanganya, namchinja." Namjua baba yangu. Kuna wazee wanaotishia na kuna wazee wanaotoa taarifa.

Wa tatu alikuja mchana mmoja wa joto, saa zile ambazo wateja wangu wote ni nzi. Mtu mwembamba, kavaa koti la sufu kana kwamba yeye peke yake anaona baridi, mkono mmoja hauna vidole viwili. Alisimama mbele ya dirisha akitazama kulabu.

"Kaka, unanunua au unakagua?"

"Hapa ndipo kwa kina Petroli?"

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kisu. "Anayeuliza ni nani?"

"Nilikuwa koplo wake. Tulikuwa handaki moja."

"Enhe. Una hadithi ya kombora au ya bomu la kutegwa? Maana tunazo zote mbili."

Hakucheka wala hakukasirika. "Sikuja kusimulia, dada," alisema. "Nimekuja kuuliza. Kuna kitu alikifanya pale, na mimi silali."

Nikafunga dirisha, nikamkalisha kwenye ndoo. Haya ndiyo aliyoniambia, na nayaandika nilivyoyasikia.

Walivamiwa alfajiri, mvua ikinyesha. Adui aliingia handakini kabla hawajavaa viatu, na mahali penyewe palikuwa pembamba kiasi kwamba bunduki haigeuki. Watu waliuana kwa vitako vya bunduki, kwa sepetu, kwa kofia za chuma. Koplo alimwona mtu akimng'ata mwenzake shingoni asimwachie. Yeye mwenyewe vidole vyake vilikatwa hapo na alidhani ni tope tu limemrukia. Na katikati ya yote hayo, Petroli. Alisema hajaona mtu kama yule. Alikuwa na sepetu, anakwenda nayo mbele kama anayefyeka nyasi, mmoja alimpasua uso, mwingine alimvunja shingo kwa goti, anapiga kelele lakini hakuna maneno, na walio nyuma yake wote wakapata nguvu kwa sababu yake. Handaki likageuka. Adui akaanza kupanda kutoroka.

Mmoja aliteleza. Kijana, alisema koplo, hana hata ndevu. Petroli akamwangusha chali topeni, akamwekea goti begani. Sepetu ilishavunjika, akachomoa singe, kisu cha mtutu wa bunduki. Na yule kijana akamtazama.

"Hapo ndipo sielewi," koplo alisema. "Ilikuwa imekwisha, dada. Alitakiwa ashushe mkono tu. Badala yake akamziba macho. Kwa kiganja, hivi. Na singe akairudisha nyuma, kama anaificha. Akaanza kusema naye. Vita vinaendelea juu ya vichwa vyetu, yeye anamwambia lala, lala. Akamngoja! Yule akapata nafasi ya kuchomoa kisu kwenye mkanda, akamchoma chini ya mbavu. Nilidhani Petroli amepata wazimu. Niambie, alikuwa na wazimu?"

Nilishika gogo. Kwa kitambo kifupi nilifurahi, hilo lazima niliseme. Hakuuawa kwa karata. Hakuuawa na mwenzake. Kisha nikasikia kupitia mlango wa nyuma kinoo kikisugua chuma, shwi, shwi, na furaha yote ikaganda. Kwa sababu aliyemfundisha kuziba macho alikuwa uani, na alikuwa hajui. Baba angeuvumilia uvumi wa mji mzima mpaka afe. Hili nilidhani lingemuua kabla ya jioni.

Basi nikampangia koplo uongo unaolingana na kidonda kimoja, ili baba asiukamate. Nilimwambia, "Mzee yuko nyuma, na hutatoka hapa bila kumwona. Mwambie walikuwa watatu. Walimzunguka, akawaua wawili, wa tatu akamchoma. Kafa akipigana. Umenielewa? Usitaje kiganja."

"Na swali langu?"

"Swali lako nitakujibu barabarani."

Baba hakuinua macho tulipotoka. Nilimwambia huyu ni koplo wa Petroli, alikuwepo. Akaendelea kunoa. "Sema," alisema.

"Walikuwa watatu, mzee," koplo alianza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto anayesomeshwa ubaoni. "Wakamzunguka..."

Sikuona baba alivyoinuka. Nilichoona ni koplo amelazwa shavu juu ya gogo dogo la uani, mkono wa baba umemkaba kisogo, na kisu, kile kirefu cha shingo za ng'ombe, kimegusa ngozi chini ya sikio. Uzi wa damu ukaanza kushuka. Nilimrukia baba mkononi, akanipiga kiwiko bila kugeuka, mdomo ukapasuka. Nikamrukia tena. Na kilichonitisha zaidi ni kwamba yule koplo, mwanajeshi, ambaye angeweza kumvunja mzee kama kuni, hakuinua hata kidole. Alifumba macho na kusubiri.

"Kidonda kimoja," baba alisema. "Watatu, kidonda kimoja?"

"Alikuwa mmoja," koplo alisema kwenye mbao. Akasema yote, shavu likiwa gogoni: sepetu, tope, goti, kiganja, lala.

Kisu kilibaki palepale.

"Mkono gani?" baba aliuliza.

"Nini, mzee?"

"Alimziba macho kwa mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Na singe ilikuwa wapi?"

"Nyuma. Nyuma ya nyonga."

Baba alimwachia. Alirudi hatua chache mpaka ukuta ukamsimamisha. Nilidhani ataanguka, nikaenda kumshika, akanisukuma. "Basi huyo ni mwanangu," alisema. "Hakuna mwingine. Huyo ni mwanangu." Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na sijawahi kuona kitu kibaya kama kile kicheko. Kisha kikakatika. Akajitazama mikono. "Lakini ng'ombe tunamfunga miguu kwanza," alisema. "Nilimfundisha kila kitu. Sikumwambia kwamba mtu ana mikono."

Hapo koplo alikuwa amepata jibu lake. Alikuwa ameketi chini kwenye saruji, karibu na mfereji, koti limelowa, meno yanagongana kwenye joto lile. Angenyamaza. Kila mtu mwenye akili angenyamaza na kutafuta mlango.

"Mzee," alisema. "Mimi niliuona mkono wa yule kijana ukienda kwenye mkanda."

Baba akageuka.

"Nilikuwa na bunduki, na nafasi ilikuwapo. Lakini nilikuwa nashangaa. Namtazama Petroli, nashangaa anafanya nini. Nikapiga baadaye, nikamuua yule, lakini baadaye. Kila nikifumba macho naona ule mkono unakwenda. Siwezi kuyafumba."

Nilitaka kumwambia afunge mdomo, mpumbavu wewe, mzee ana kisu. Baba alimwendea polepole. Alimsukuma kifuani kwa vidole tu, na koplo akalala chali kwenye saruji, hakubisha, kama aliyesafiri njia yote hiyo kwa ajili ya hilo. Baba akapiga goti kwenye bega lake. Akanyoosha mkono wa kushoto, akamziba macho kwa kiganja.

"Lala," alimwambia. "Lala, basi."

Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo maisha yangu yote, na ninajua kinachofuata. Nikauangalia mkono wa kulia.

Ulikuwa mtupu. Umelala juu ya kifua cha yule mtu, unapanda na kushuka na pumzi zake. Kisu kilikuwa sakafuni, mahali baba alipokiachia, makali yake ndani ya mfereji. Nikakikanyaga hata hivyo, na nikaendelea kukikanyaga mpaka koplo alipoanza kukoroma.